Mgandamizo mdogo karibu na Mafia: wavuvi wa Mwanza wausomeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mitumbwi ya dagaa hapa Igombe. Jioni tukiwa mwaloni, mimi na wenzangu tunaopenda mambo ya hali ya hewa hufungua Windy, programu ya simu yenye ramani za hali ya hewa. Wiki hii modeli ya Marekani, GFS, yaani hesabu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, inaonyesha mgandamizo mdogo wa hewa, dalili ya kimbunga, mashariki ya Mafia siku tisa zijazo, katikati hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 985. Ile ya Ulaya, ECMWF, haionyeshi kitu. Tuamini ipi? Kimbunga kikija Pwani, upepo wake utatufikia ziwani? Halafu simu yangu ina kipima mgandamizo, na hapa inasoma 887. Mwenzangu anasema hiyo ni chini kuliko kimbunga chenyewe, tena mchana inazidi kushuka. Tuogope? (Msomaji, Igombe, Mwanza)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hiyo 887, maana ndiyo iliyowatia hofu na haina sababu ya kuwatia hofu.

Simu yako ni nzima. Inachopima ni uzito wa hewa iliyo juu ya kichwa chako, na uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Hewa yote iliyo chini ya kimo hicho, ambayo mtu wa Dar es Salaam anaibeba, wewe huibebi. Ramani za Windy hazionyeshi namba hiyo ghafi. Kila kipimo hugeuzwa kwanza kiwe kana kwamba kimechukuliwa usawa wa bahari, ndipo Mwanza na Mafia ziweze kulinganishwa. Jumlisha 125 hivi kwenye namba yako, utapata karibu 1012, na hiyo ndiyo ya kuiweka kando ya 985 ya kwenye ramani. Ukipanda na simu kilimani, kila mita kumi itakuibia karibu hektopaskali moja, kwa hiyo soma ukiwa mahali palepale.

Kuhusu kushuka mchana: huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kila siku, mvua iwepo au isiwepo. Hufika juu kwenye saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, ukafika chini saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Chanzo ni jua linavyoipasha angahewa joto. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni namba inaweza kushuka hektopaskali tatu au zaidi, na mtu asiyejua atadhani tufani inakuja. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, basi. Tofauti ya siku kwa siku huwa ndogo sana.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisoma kinyume. Dhoruba ya ziwani, ile inayozamisha mitumbwi, kwa kawaida haitangulizwi na namba kushuka. Hewa iliyopozwa na mvua ni nzito. Inaporomoka kutoka wingu, inagonga maji na kutawanyika mbele ya mvua yenyewe. Ukingo wake ukikufikia, namba ya simu hupanda ghafla, pengine hektopaskali moja au mbili ndani ya dakika chache, na upepo wa baridi unakupiga usoni. Wakati huo onyo limeshachelewa.

Sasa GFS na ECMWF. Kwa siku tisa, msiamini ramani moja ya yoyote kati yao. Ramani mnayoiona ni hesabu moja tu. Vituo hivyo hurudia hesabu hiyohiyo mara nyingi vikibadilisha kidogo hali ya mwanzo, kwa sababu hakuna anayeijua hali ya bahari na anga kwa ukamilifu. Kama hesabu chache tu kati ya hizo zina kimbunga, jambo bado ni changa. GFS nayo inajulikana kwa kuzalisha vimbunga vya mbali ambavyo havitokei.

Kuna kipimo ambacho mnaweza kukifanya wenyewe mwaloni. GFS hutoka mara nne kwa siku. Andikeni tarehe ambayo kitovu kinaonekana karibu na Mafia, kila toleo jipya likitoka. Kama leo kinaonekana siku tisa mbele, kesho kutwa kinatakiwa kuwa siku saba mbele, karibu na mahali palepale. Kikiendelea kubaki siku tisa mbele wiki nzima, hakuna kitu. Kikisogea, kikaingia ndani ya siku tano na ECMWF nayo ikakiona, sasa mna jambo la kufuatilia. Hapo hamieni kwenye taarifa za kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha La Réunion, chenye dhamana ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, na za Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, TMA. La Réunion hupima wastani wa upepo wa dakika kumi: ukifika kilomita 63 kwa saa mfumo hupewa jina, ukifika kilomita 118 hivi huitwa kimbunga kamili. Kituo cha jeshi la Marekani hutumia wastani wa dakika moja, kwa hiyo namba zake huwa kubwa zaidi kwa kimbunga kilekile. Msizichanganye.

Na msidhani nakwambieni haiwezekani. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952. Kimbunga Jobo kilitusogelea Aprili 2021 kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Ni matukio machache, lakini yapo.

Upepo wa kimbunga hicho kufika Igombe? Hapana. Kutoka Mafia hadi kwenu ni zaidi ya kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Kimbunga hula joto na mvuke wa bahari, na bahari yenyewe inatakiwa iwe na nyuzi 26 au 27 kwenda juu. Kikipanda nchi kavu kinakatiwa chakula. Hidaya ilikwisha nguvu siku ileile ilipoingia. Wala ziwa letu haliwezi kuzaa kimbunga cha namna hiyo. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na huku msukumo wa mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kuupa upepo mzunguko mpana. Kwa kawaida vimbunga huhitaji nyuzi tano au zaidi. Ile nguzo ya maji inayozunguka, ambayo wavuvi huiona ikining'inia chini ya wingu, ni kitu kingine kabisa, kidogo na cha muda mfupi, ingawa kwa mtumbwi ni hatari.

Ila kimbunga cha baharini kinatugusa kwa njia nyingine: kinahamisha unyevunyevu. Hapa ndipo penye utamu kwa nyinyi mnaopenda kufuatilia, na cha kutazama ni kimesimama upande gani wa Madagaska. Kikiwa mashariki ya kisiwa hicho, mara nyingi upepo wa Kanda ya Ziwa hugeuka ukatoka magharibi, ukabeba hewa yenye unyevu ya Kongo hadi kwetu, na mvua huongezeka. Machi 2018, wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim, Afrika Mashariki ilipata mvua nyingi kweli. Kikiwa magharibi ya kisiwa, kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, mara nyingi unyevu huvutwa kwenda huko, sisi tukabaki na ukavu. Machi 2019 kimbunga Idai kiliuangamiza mji wa Beira, Msumbiji, na Masika ya huku ikachelewa. Kwenye Windy chagueni kimo cha hektopaskali 700, kama mita 3,000 juu ya bahari, mtazame mishale juu ya Mwanza. Ikitoka upande wa Rwanda na Burundi badala ya mashariki ilikozoea kutoka, jiandaeni kwa mvua za radi.

Lakini radi za ziwani hazingoji kimbunga, na ndiyo maana sipendi macho ya mwalo mzima yakodolee Mafia. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo ukavuma kutoka ziwani, na mawingu yakajijenga juu ya nchi kavu: Mara, Serengeti, milima ya Kenya. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, hewa inatiririka kutoka kila pwani na kukutana katikati ya maji. Hewa hiyo haina pa kwenda isipokuwa juu. Dhoruba nyingi huzaliwa hivyo kati ya usiku wa manane na asubuhi, hasa mchana wake ukiwa umeshakuwa na radi nyingi upande wa mashariki. Upepo wa jumla huzisukuma magharibi, na ndiyo sababu Bukoba inapata mvua karibu mara mbili ya Mwanza. Sasa fikirieni ratiba ya dagaa: mnatoka jioni, mnawasha taa usiku wa giza, mnarudi alfajiri. Saa za kazi yenu ndizo saa za dhoruba.

Na hizo Windy haizioni vizuri. Modeli huigawa anga katika visanduku: kimoja cha GFS kina upana wa kilomita 13 hivi, cha ECMWF kilomita 9, na wingu linaloua linaweza kuwa dogo kuliko hapo. Kwa usiku mmoja, ramani ya siku tisa haina la kuwaambia. Kabla ya kusukuma mtumbwi, kwenye saa kumi na moja jioni, tazameni picha za setilaiti zinazotembea. Kukiwa na vichwa vya mawingu baridi, vyeupe, upande wa Mara, na vinapanuka huku vikielekea ziwani, ahirisheni. Someni utabiri wa TMA wa Ziwa Victoria wa siku hiyo. Wao wana rada pale Kiseke, Mwanza, inayoona mvua ikitembea juu ya maji. Wakiweka angalizo la njano, msiende mbali na nchi kavu, na jaketi okozi liwe mwilini. Rangi ya chungwa au nyekundu, mitumbwi ilale mwaloni.

Kutoa tahadhari kwa umma kunabaki kazi ya TMA, kwa hiyo ile picha ya 985 msiisambaze kama onyo. Mkitaka niitazame pamoja nanyi, nitumieni na tarehe na saa ya toleo la modeli, zile zinazoandikwa pembeni ya ramani. Bila hizo siwezi kujua mmetazama hesabu ya lini.