Kihisi cha mkononi kwa mgonjwa wa Parkinson

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa mzee wako mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na mwili kukakamaa, avae kihisi cha mkononi (kifaa kinachopima mwendo), kwa kuwa kliniki daktari humwona kwa dakika chache tu, na siku hiyo mkono hutulia kana kwamba hauna neno. Nakushauri umwombe daktari wake wa mishipa ya fahamu, kwa sababu kifaa kama PKG (Personal KinetiGraph), kinachovaliwa mfano wa saa kwenye mkono ulioathirika zaidi kwa siku 6 hivi, hurekodi mwendo na kuonyesha ni wakati gani levodopa, dawa ya Parkinson, inaisha nguvu, na ni wakati gani mwili unachezacheza wenyewe. Nchini Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ilipendekeza vifaa 5 vya aina hii mwaka 2023.

Hata hivyo, mtetemo wa Parkinson, wa takriban mizunguko 4 hadi 6 kwa sekunde, unaweza kuchanganywa na kupiga mswaki. Kwa hiyo andika daftarini saa ya kila kidonge na shughuli za mzee. Huzuni, choo kigumu na maumivu kifaa hakivioni, na hayo wewe mwenyewe umweleze daktari. Tafadhali, msibadilishe dozi peke yenu kwa kutazama michoro ya kifaa.