Sanduku la Maswali: Ndege za Vita kwa Vipimo Vidogo

Barua za toleo hili zote zimetoka mkoa wa Kigoma, na nyingi zinauliza juu ya ndege mbili za kivita za Uingereza za Vita ya Pili ya Dunia, Spitfire na Hurricane. Majibu yanahusu seti za plastiki, yaani vipande vya kuunganisha modeli ya ndege, za skeli ya 1/72 na 1/48 (ndege halisi iliyopunguzwa mara 72 au 48), isipokuwa pale tuliposema vingine. Barua tumezifupisha.

Habari za kazi. Spitfire yangu ilikuwa imekwisha, nikabandika kioo cha rubani kwa supa gluu na kuifungia kabatini isishike vumbi. Asubuhi kioo kimeingia ukungu mweupe kwa ndani. Ndiyo basi tena? — Msomaji, Mwanga

Hapana, ila itabidi kioo kitoke. Supa gluu ikiwa inakauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na unyevu wa hewa hugeuka unga mweupe unaogandia palipo karibu. Kabati lililofungwa limeuzuia usitoke, na ndani ya chumba cha rubani hapakuwa na pengine pa kwenda.

Pitisha wembe mpya kwenye ungio, kidogo kidogo kuzunguka pande zote. Supa gluu ni ngumu lakini hukatika kama kioo, kwa hiyo itaachia yenyewe bila kulazimishwa. Usiiyeyushe kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha: nyingi zina asetoni, na asetoni itakula plastiki kabla haijaimaliza gundi. Kikishatoka, kisugue kwa dawa ya meno nyeupe na kipande cha fulana mbichi, kisha suuza. Ikibaki mikwaruzo, anza na msasa wa maji namba 2000 ndipo urudie dawa ya meno. Mwisho kichovye kwenye klia ya akriliki (vanishi isiyo na rangi), gusisha pembe moja kwenye karatasi ili tone la ziada linywewe, na kifunike kwa bakuli siku nzima.

Kurudishia tumia gundi nyeupe ya mbao, uipake kwa kijiti cha meno. Hukauka bila rangi, na iliyozidi hufutika kwa pamba yenye maji. Ni dhaifu, lakini kioo cha modeli hakibebi mzigo wowote.

Fundi wa gereji alinigawia rangi ya gari na tina. Bawa la kwanza rangi imekunjamana na mistari ya maungio ya mabati imeyeyuka. La pili nilipiga jioni mvua ikinyesha, limetoka na weupeweupe. Nimekosea wapi? — Msomaji, Gungu

Hayo ni makosa mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni tina. Plastiki ya seti hizi ni polistirini, na tina ya gereji huiyeyusha. Gundi ya plastiki nayo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Rangi ya gari inaweza kutumika, mradi isitue ikiwa mbichi na nyingi. Anza na praima (rangi ya kutangulizia) ya plastiki. Kama huna, piga tabaka mbili au tatu nyepesi mno kutoka umbali wa sentimita 15, dakika tano kati ya moja na nyingine, hadi plastiki yote ifunikwe. Hapo ndipo unaweza kupiga tabaka lililolowa. Hata hivyo kwa 1/72 tungekushauri rangi ya akriliki. Rangi ya gari imetengenezwa kufunika bati, na mistari ya modeli, yenye upana wa kama milimita 0.2, huifukia mara moja.

Kompresa ya gereji ishushwe hadi shinikizo la psi 15 au 20. Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Ikitua kavu na kukwaruza kama msasa, uko mbali mno au tina haitoshi. Ikikimbia pembeni kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno au uko karibu mno.

Weupe wa bawa la pili ni maji. Tina hupaa haraka, inapopaa huupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa huganda humo rangi ikiwa bado mbichi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na ziwa liko pale chini, chagua siku isiyo na mvua na upige kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Lililokwisha kuharibika linaokoleka: lipige ukungu mwepesi wa tina inayopaa polepole (kwenye maduka ya rangi za magari huiita ritada), weupe utaondoka. Bawa lililokunjamana liache wiki nzima hadi harufu iishe, ulisawazishe kwa msasa wa maji namba 600 kisha 1000, na uchore upya mistari kwa sindano iliyoshikwa kwenye rula ya chuma. Na tafadhali, mlango wazi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina.

Kwenye picha Spitfire ina waya kutoka mgongoni hadi mkiani. Uzi wa ndoana unafaa? — Msomaji, Kibirizi

Piga hesabu kwanza. Uzi wa milimita 0.25 kwenye skeli ya 1/72 ni sawa na milimita 18 kwenye ndege halisi, yaani unene wa bomba la maji, ilhali waya wenyewe ulikuwa wa milimita chache. Hata wa 0.10 unakupa milimita 7.

Vuta plastiki. Kata sentimita 10 za fremu iliyobeba vipande, izungushe juu ya mshumaa, si ndani ya mwali, hadi katikati ing'ae na kuanza kulegea. Itoe kwenye joto, hesabu moja, ndipo uvute. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba, ukivuta taratibu unapata mnene. Bandika kwa nukta ya supa gluu, na ukilegea sogeza kijiti cha udi kinachowaka, umbali wa sentimita moja bila kugusa. Utajikaza mbele ya macho yako. Ukisogea zaidi utakatika.

Lakini je, ndege yako ilikuwa na waya huo? Spitfire Mk I (toleo la kwanza) za mwanzo zilikuwa nao. Redio za VHF (masafa ya juu sana) zilipofungwa mwaka 1940 waya uliondolewa, mlingoti wake wa mgongoni ukabaki mtupu. Baadaye zikaja nyaya nyingine mbili za chombo cha kuitambulisha ndege kwa rada za upande wake, kutoka ubavuni hadi ncha za mabawa ya mkia. Tafuta picha ya ndege yenye herufi zilezile unazobandika.

Nimemaliza Hurricane ya 1940 na nataka ionekane imepigana. Nimeweka madoa ya rangi ya fedha kila mahali, mwenzangu anasema imekuwa kama sufuria. Nifanyeje? — Msomaji, Ujiji

Mwenzako ana jicho. Hurricane nyuma ya rubani si bati. Ni kitambaa kilichovutwa juu ya mbao na mabomba ya chuma, na ndiyo maana modeli nzuri huonyesha vile vibavu virefu. Kitambaa hupauka, huchafuka, hutiwa viraka. Hakitoi mng'ao wa bati. Usukani wa mkia nao ni kitambaa, na kwa Spitfire za wakati huo usukani na vibawa vya kupandisha ndege vilikuwa hivyohivyo. Madoa ya fedha huko yafute yote, usibakize hata moja.

Panapostahili ni pachache: kuzunguka skrubu za mifuniko ya injini, kingo za vifuniko vya bunduki, na shina la bawa la kushoto, maana rubani na mafundi walipandia upande huo. Mabawa ya Hurricane za kwanza kabisa yalikuwa ya kitambaa pia. Ya bati yalianza kufungwa mwaka 1939, kwa hiyo ndege yako ya 1940 yaelekea ni ya bati. Ukubwa nao uangalie. Doa la milimita moja kwenye 1/72 ni sentimita 7 kwenye ndege halisi, upana wa kiganja. Tumia kipande cha sponji ya godoro, kichovye kwenye kijivu cheusi, ukigongegonge kwenye karatasi hadi kikaribie kutoacha alama, ndipo uguse modeli. Fedha iwe nukta chache katikati ya kijivu. Ndege nyingi za kiangazi cha 1940 hazikuishi hata kufikia uchakavu mkubwa.

Kuonyesha mistari ya mabati tumia rangi ya mafuta ya wachoraji, nyeusi iliyochanganywa na kahawia, ndani ya tapentaini. Kwanza lakini funika modeli yote kwa klia ya akriliki na uache siku mbili. Tapentaini ikifika kwenye plastiki tupu iliyokazwa, hasa miguu ya magurudumu, huipasua. Unasikia "tik", ndege imelala ubavu.

Kitu kimoja ambacho wengi hukikosea ni bunduki. Matundu ya bunduki nane yalizibwa kwa viraka vya kitambaa, mara nyingi vyekundu, kuzuia baridi na uchafu. Ikiwa viraka ni vizima, ndege haijafyatua, na masizi nyuma ya matundu ni uongo. Ikiwa imefyatua, viraka vimetoboka na masizi yamepita chini ya bawa. Chagua moja.

Stika za seti ya zamani zimekuwa njano. — Msomaji, Kasulu

Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoona, uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, ukizikagua kila siku. Njano hupauka, lakini ukizisahau na nyekundu itapauka. Kisha jaribu moja usiyoihitaji kwenye maji. Ikivunjika vipande, zipige zote klia na kila moja uikate kwa kuifuata ukingoni. Kwenye modeli, uso lazima ung'ae kwanza: rangi isiyong'aa ina vishimo, hewa hunasa chini ya stika na kuonekana kama fedha. Siki nyeupe kidogo kwa brashi huilainisha ikalala kwenye mistari. Ikijikunja usiiguse, italala.

Mimi ni mwanafunzi, seti siwezi kununua. Naweza kuchonga Spitfire kwa mninga? — Msomaji, Uvinza

Kuchonga, ndiyo. Mninga uwaachie mafundi wa vitanda: ni mgumu kwa kisu na vinyweleo vyake huonekana chini ya rangi. Tafuta msonobari usio na vifundo. Kazi hii ina historia yake. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao, skeli ya 1/72, za kufundishia askari kutambua ndege.

Kwa 1/48 urefu ni milimita 190 na mabawa yakinyooshwa ni 234. Bawa shinani lina upana wa milimita 53 na unene wa 7, likipungua kuelekea ncha. Chora umbo la ubavu na la juu kwenye kadibodi, kata la ubavu kwanza, kisha la juu, ndipo uanze kuviringisha. Mabawa yawe mawili yanayokutana katikati kwa pembe ya digrii 6, maana yake kila milimita 100 bawa linapanda 10 na nusu. Kata pembetatu ya kadibodi kwa vipimo hivyo na uiweke chini ya kila bawa gundi ikikauka. Paka sanding sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) tabaka nne, msasa namba 400 kati yake.

Kioo: chonga umbo lake kwa mti, liingize kwenye kipande cha chupa ya maji, ulishikilie juu ya makaa bila kugusa. Chupa itanywea na kushika umbo.

Nataka kutengeneza ndege iliyopiga mabomu Kigoma wakati wa Vita ya Kwanza. — Msomaji, Bangwe

Hiyo haikuwa ndege ya kupambana na nyingine. Ilikuwa Short 827, ya Waingereza, yenye viti viwili, mabawa ya ghorofa mbili na maboya badala ya magurudumu. Wabelgiji walipewa nne, wakaziendesha kutoka ng'ambo ya ziwa, na Juni 1916 wakaipiga Kigoma wakiitafuta Graf von Götzen, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi uliofuata na ambayo tangu 1927 tunaiita Liemba.

Mabawa ya juu yalikuwa na upana wa mita 16.43, kwa hiyo kwa 1/72 ni milimita 228. Urefu, mita 10.74, unakuwa 149. Kuna maboya makubwa mawili chini ya injini, madogo kwenye ncha za mabawa ya chini na jingine chini ya mkia. Usifunge bawa la juu kwa macho tu. Tengeneza kiunzi cha kadibodi ngumu kinachoyashika mabawa yote mawili kwa umbali uleule, ubandike nguzo za katikati kwanza, uache zikauke usiku, ndipo za nje. Toboa matundu ya nyaya kwa sindano kabla ya kupaka rangi; baada ya hapo mkono hauingii kati ya mabawa.