Kipimo cha serotonini hakitakuonyesha sonona

Mkuu, umeuliza maabara gani wanapima serotonini, ile kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, maana mdogo wako ana sonona na mmeambiwa imepungua kwenye ubongo. Tunza hela yako. Kipimo cha damu kipo, ila kuhusu ubongo hakisemi kitu: zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, na hiyo ya kwenye damu haipenyi kuingia ubongoni.

Mimi nina baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka, na natumia dawa ya lithiamu, kwa hiyo kutolewa damu nimezoea. Naenda asubuhi kabla ya kumeza chochote, masaa 12 tangu dozi ya usiku, majibu yanasoma 0.7. Ndugu zangu wakiona karatasi wanadhani ndio ugonjwa umepimwa. Kilichopimwa ni dawa, kwa sababu ikizidi ni sumu. Figo na thairoidi (tezi ya shingoni) nazo zinaangaliwa humo humo. Ugonjwa wenyewe daktari aliupata kwa maswali tu: nalala saa ngapi, hela naitumiaje. Dada yangu naye akaitwa pembeni akaulizwa. Lilinikera, lakini mtu akishapanda hajioni.

Hii habari ya upungufu ilianzia miaka ya 1950. Wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kupita kawaida, na dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo. Watu wakaunganisha: basi huzuni ni kupungukiwa. Shida ni kwamba dawa za sonona kama fluoksetini hugusa serotonini ndani ya masaa, ila nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Ingekuwa ni kujaza tenki, mgonjwa angeamka kesho yake mzima. Mwaka 2022 daktari wa akili wa Uingereza, Joanna Moncrieff, na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi, wakasema ushahidi thabiti wa upungufu huo hawakuuona. Wapo wataalamu waliowapinga, na dawa zenyewe zinasaidia wengi, kwa hiyo dogo asiache zake kisa hii posti.

Tofauti zipo, sikatai. Ukikusanya wagonjwa wengi, kwa wastani kortisoli (homoni ya msongo) iko juu na hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ni ndogo kidogo. Ila ukimchukua mmoja mmoja, wagonjwa na wazima wanaingiliana mno, huwezi kumtambua yeyote kwa hilo.

Kama lazima apimwe kitu, apimwe thairoidi na wingi wa damu, maana vikiwa chini vinaleta uchovu unaofanana na sonona. Halafu muulize kama aliwahi kukaa siku kadhaa halali na hachoki, mipango kibao kichwani. Kama ndiyo, daktari ajue kabla hajamwandikia dawa ya sonona peke yake, kwa sababu mwenye baipola inaweza kumrusha juu.