Mwanangu, jarida la roki huanzia kwenye mkunjo wa karatasi

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mko vijana wanne, mnataka kutoa jarida la muziki wa roki kwa Kiswahili: kurasa 50, rangi tupu, jalada jeusi tii, nakala 1,000, kila mwezi. Nembo mnayo tayari. Unaniuliza muanzie wapi, na kama weusi huo kiwandani utakubali.

Nembo iwekeni kando. Chukua karatasi 9 za A4, zilaze pamoja, zikunje zote katikati, kisha zipige pini mbili kwenye mkunjo. Hilo ndilo jarida lako, limepungua nusu tu kwa ukubwa, na lina kurasa 36. Andika namba kwa penseli kuanzia jalada, 1 mpaka 36. Mambo mengi mtakayobishania mezani yatajibiwa na hicho kijitabu.

Kwanza utaona kwamba kurasa 50 hazipo. Karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne, kwa hiyo jarida la pini huwa na 32, 36, 40, 44, 48 au 52. Mkiagiza 50 mtalipia 52, na mbili zitabaki tupu au zitajazwa kwa pupa usiku wa mwisho. Nawashauri 36: jalada kurasa 4 za karatasi nzito ya gramu 200, na ndani kurasa 32 za gramu 115. Gundi ya mgongoni msiitamani bado. Kwa kurasa chache hivi mgongo ni mwembamba mno, hata jina halikai, na kurasa zitachomoka.

Pili, fungua kati. Kurasa 18 na 19 ndizo pekee, ukiacha jalada, ambazo ziko kwenye karatasi moja bila kukatwa. Kwingine kote picha ikivuka kutoka kushoto kwenda kulia imechapwa vipande viwili, na mpini wa gitaa utavunjika kwa milimita moja au mbili pale mkunjoni. Kwa hiyo bango la ukutani liwe hapo kati. Lakini geuza uone mgongo wake: ni ukurasa wa 17 na wa 20. Msomaji akichomoa bango anaondoka na hizo mbili. Weka huko matangazo au orodha ya maonyesho, kamwe si mwisho wa mahojiano.

Kuhusu rangi, muulizeni mchapaji mashine yake inakula shiti, yaani karatasi kubwa isiyokunjwa, ya ukubwa gani kabla hamjapanga chochote. Kama ni ya sentimita 50 kwa 70, kila shiti inatoa kurasa 8 za A4, nne kila upande. Ndani kwenu kutakuwa na shiti nne. Kila upande wa rangi kamili unataka pleti 4, yaani mabati ya kuchapia, moja kwa kila rangi ya wino. Hizo ni 8 kwa shiti, 32 kwa shiti zote, na 4 za jalada, maana kurasa zake nne zinakaa upande mmoja wa shiti, kisha shiti inageuzwa na kuchapwa tena kwa pleti zilezile. Jumla 36. Sasa tazama kijitabu chako: shiti ya nje inabeba kurasa 3–6 na 31–34, inayofuata 7–10 na 27–30, ya tatu 11–14 na 23–26, na ya katikati 15–22. Shiti ya pili na ya tatu zikiwa nyeusi na nyeupe tu, zinahitaji pleti 2 kila moja. Jumla inashuka mpaka 24. Roki inapendeza kwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hapo hamjipunji. Ila kumbukeni: tangazo la rangi likiuzwa kwa ukurasa wa 12, hesabu yote imeharibika. Anayeuza matangazo awe na nakala ya kijitabu mfukoni.

Haya, weusi wenu. Unakubali, ila una adabu zake. Wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa hutoka kijivu kama masizi yaliyofutwa. Ili uwe tii, unatiliwa rangi nyingine chini: sayani (samawati) 60, majenta (pinki kali) 40, njano 40, nyeusi 100, jumla asilimia 240. Msijaze zote nne mia mia. Jumla ikipita 300 hivi, wino unachelewa kukauka, shiti zikilaliana weusi unahamia mgongo wa karatasi ya juu, na msomaji anapokea jalada lenye kivuli cha jalada jingine. Masika ni pabaya zaidi kwa sababu ya unyevu. Toleo likiangukia Machi mpaka Mei, ongezeni siku moja au mbili za kukausha kabla ya kukunja na kukata.

Mkunjo nao. Jalada jeusi likikunjwa bila kutiwa mfuo kwanza, yaani mstari wa kubonyezwa unaoongoza mkunjo, wino unapasuka na mstari mweupe unaonekana mgongo mzima. Tiba ni tatu, zitumike zote: nyuzi za karatasi zielekee urefu wa mgongo, mfuo upigwe kabla ya kukunja, na jalada livishwe plastiki. Plastiki isiyong'aa inavutia machoni ikiwa mpya, lakini juu ya weusi inashika alama za vidole na mikwaruzo. Jarida linaloshikwashikwa na watu 20 kabla halijanunuliwa livae ya kung'aa.

Maandishi ya kawaida yawe ya wino mweusi mmoja tu. Kompyuta ikiyaacha kwenye mchanganyiko wa rangi nne, mashine ikihama kidogo tu kila herufi inapata mzimu wa pinki au samawati pembeni. Herufi nyeupe ndani ya weusi zisiwe chini ya pointi 9, na zisiwe za mikia myembamba, maana wino hutambaa na kuziziba.

Picha za jukwaani ndizo zitakazowaliza. Taa za LED nyekundu, zambarau na bluu zinawaka vizuri kwenye skrini, ila wino hauwezi kuzifikia. Bluu kali inageuka zambarau iliyochoka, na uso uliomulikwa nyekundu tupu unakuwa bapa kama tofali. Mpiga picha apige faili ghafi (RAW), si ile iliyobanwa (JPEG), na asubiri sekunde ambayo taa nyeupe inapita usoni. Akiona mistari ya giza inakatiza picha, ni taa zinapepesa. Apunguze kasi ya shata mpaka mistari ipotee. Picha iliyozama kwenye nyekundu ipelekeni kurasa za nyeusi na nyeupe, na kabla ya kuituma kiwandani ing'arisheni kidogo sehemu za kati, kwa kuwa nukta za wino hutanuka kwenye karatasi na kila kitu hutoka cheusi kuliko mlivyoona.

Ukubwa: picha ya ukurasa mzima, pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande, inataka pikseli 2,551 kwa 3,579 ili iwe 300 kwa inchi. Picha yenye pikseli 1,600 upande mrefu inatosha sentimita 13.5, basi. Bendi zitawatumia picha kwa WhatsApp. Waambieni wazitume kama hati, si kama picha, maana njia ya kawaida huzibana.

Sasa jambo ambalo vitabu vya usanifu vya Ulaya havitakwambia: Kiswahili kina maneno marefu. Magazeti mengi ya muziki hupanga safu tatu. Kwenye A4, ukiacha milimita 18 upande wa mkunjo, 14 nje, na 5 kati ya safu, kila safu inapata milimita 56. Kwa herufi za pointi 9 hizo ni kama herufi 37 kwa mstari. Weka humo "watakapotumbuiza" na "hatukuwasikiliza" kisha nyoosha kingo zote mbili, utaona mashimo meupe yanateremka ukurasa mzima kama maji ya mfereji. Kwa makala ndefu pangeni safu mbili za milimita 86, herufi za pointi 9 na pointi 12 kutoka mstari hadi mstari. Safu tatu ziacheni kwa habari fupi na tathmini za albamu, na ukingo wa kulia uwe huru. Programu nyingi za kupangia kurasa hazina kamusi ya kukatia maneno ya Kiswahili. Zitakata kwa sheria za Kiingereza, mtakuta "tum-buiza". Zimeni ukataji, au mkate wenyewe baada ya irabu: tu-mbuiza, mwa-nangu. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo itakayowatofautisha na wanaobahatisha.

Kwa kuwa kurasa 32 za ndani zinapandana, zile za katikati husogea nje karibu milimita 1 na kisu huzila zaidi. Namba za kurasa na maandishi yakae angalau milimita 10 kutoka ukingoni.

Nembo sasa. Nimeiona: miiba, matone, mizizi. Bendi ya metali inaruhusiwa jina lisilosomeka, jarida haliruhusiwi. Pale Posta na Kariakoo magazeti hulazwa yakapandana. Kinachoonekana ni kipande cha juu. Jina na kichwa kikuu viingie kwenye sentimita 9 za juu, na jina lisomeke mtu akiwa mbali hatua nne. Liprintini, lilazeni chini, mpite.

Yaliyomo nitayapitia haraka, mnayajua kuliko mimi. Ila Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, msimweke jalada la kwanza. Najua alizaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946, na ndiyo sababu kila mtu angemtarajia. Picha zake nazo zina wenyewe na zina bei. Mna Sunburst, bendi ya Dar ya miaka ya 1970 iliyochanganya roki na midundo ya hapa na ikaishia kurekodi Zambia. Mna Zamrock yenyewe, yaani roki ya Zambia, na bendi zake WITCH na Amanaz, kule inakoishia reli ya TAZARA. Mna bendi za Nairobi, kuanzia Parking Lot Grass mpaka kelele za Duma. Na wekeni ukurasa mmoja wa vifaa kila toleo: nyaya za gitaa zinazoshika kutu kwa hewa ya bahari, adapta ya pedali ya Marekani ya volti 120 inayoungua kwenye umeme wetu wa 230. Huo ndio ukurasa utakaokatwa na kuhifadhiwa. Habari iliyolipiwa na bendi iandikwe TANGAZO juu yake, hata kama aliyelipa ni rafiki.

Kila mwezi, hapana. Watu wanne wenye kazi nyingine waanze na kila miezi mitatu. Kabla toleo la kwanza halijaenda kiwandani, la pili liwe na nusu ya makala mkononi. Jarida la roki Kerrang! lilianza 1981 kama nyongeza ndani ya gazeti la Sounds kule Uingereza, na Sniffin' Glue, jarida la punk la 1976, lilikuwa fotokopi zilizopigwa stepla. Njia hizo mbili bado ziko wazi.

Kwenye sheria, jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni ya chapisho ni Idara ya Habari MAELEZO, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Ulizeni pia kuhusu ithibati ya waandishi. Mashairi ya nyimbo na picha zilizopigwa na wengine vinahitaji ruhusa ya maandishi, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaeleza. Fanyeni haya kabla ya kulipa pleti.

Pesa, kwa mfano tu. Tuseme kiwanda kimedai milioni 4 kwa nakala 1,000, nanyi mnauza shilingi 7,000. Muuzaji akichukua asilimia 30, mnabakiwa na 4,900. Ili kurudisha gharama ya uchapaji peke yake mnatakiwa kuuza nakala 817. Matangazo mawili ya laki tano kila moja yakiingia kwanza, zinashuka mpaka 613. Mkiona hata hizo ni nyingi, chapeni 300 kwa mashine ya dijitali. Nakala moja itakuwa ghali zaidi, lakini hamtalalia maboksi. Nakala yenu ina uzito wa gramu 140 hivi, kwa hiyo 1,000 ni kilo 140. Kodini kirikuu, bodaboda hapana. Na ziwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, la sivyo unyevu utazikunja kingo.

Mwisho, mchapaji atawapa nakala ya kuhakiki. Msiitazame kwenye simu. Mwambieni aikunje na kuipiga pini, mfungue ukurasa mmoja mmoja mkiwa na kijitabu chenu cha penseli pembeni, na atakayesaini awe mmoja tu.

Jumapili njoo na hicho kijitabu, kurasa zote 36 zikiwa zimeandikwa kitakachokaa. Zilizo tupu ziachie alama ya kuuliza. Na mje wote wanne, nitapika pilau.

Mama yako