Mwanangu, kuhusu bango lako

Mwanangu, umeniuliza kama kuweka kwenye bango la igizo lako ile picha ya filta, unaonekana kama binti wa sekondari, ni kuwadanganya watu. Mi nakuuliza kwanza, hiyo picha kachagua nani?

Maana yule mwigizaji Sarah Bernhardt wa Ufaransa alishafika miaka 50 wakati mchoraji Mucha anamchora kwa ajili ya igizo la Gismonda. Bango likabandikwa Paris mwanzoni mwa 1895, refu mita mbili na ushee, na mle ndani kasimama msichana hana hata kunyanzi moja, maua kichwani, kuti la mtende mkononi, jina lake limezunguka juu kama la mtakatifu. Watu walikuwa wanatoka usiku kuyabandua ukutani wakaweke kwao! Naye haraka akamfunga Mucha kwa mkataba wa miaka sita. Na huyo huyo kabla ya hapo alishapigwa picha kalala ndani ya jeneza, zikauzwa. Hakungoja mtu amtangaze.

Jina lako liandike mwenyewe, nimekwambia tangu uko mdogo.

Unajua lile igizo letu, mi ndo nilikuwa mama mkwe, baba ako anajua nani alilibeba. Bango linatoka, majina matatu ya wanaume, makubwa, halafu chini kabisa "na wengineo". Nimelikuta ukutani gundi ya unga wa ngano bado mbichi inachuruzika, nikaweka kidole pale kwenye wengineo, kikatoka na wino. Bibi yako kazi yake kucheka, eti mwenzetu na wewe ushakuwa wengineo. Mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Sasa sisemi kila uongo halali, mtu katoa kiingilio chake kaja kumwona binti, anatokea mama mzima, atanung'unika na ana haki. Ila Bernhardt huyo huyo 1899 kacheza Hamlet, mwanamke wa miaka 54 kawa mwana wa mfalme, na bango akachora Mucha yule yule, sasa hapo ukweli utaudai wapi? Haya, lakini yeye alikuwa Bernhardt. Haya, na wewe je?

Jina lako liandike mwenyewe, kubwa, juu. Picha amua wewe, mi simo. Ila ile ya tatu uliyonitumia, isiyo na filta, umevaa kitenge cha bibi... basi, nimesema simo.

Mama