Barua kwa mwanangu: Kumpeleka Ba Dwarka na Somnath

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama siku kumi zitatosha kumpeleka Ba, bibi yako, Dwarka, Somnath, Girnar na Virpur, sehemu takatifu za huko Gujarat, kisha mrukie Varanasi mkamwogeshe maji ya mto Ganga kabla ya kurudi Nairobi. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza. Na nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigujarati unakisema tu, kukisoma ulikataa tangu ukiwa mdogo.

Varanasi ifute. Iko upande mwingine kabisa wa India, na ukishahesabu viwanja vya ndege, kusubiri na kulala njiani, itakula siku zile ambazo Ba anazitaka kwa mungu Krishna huko Dwarka. Yeye ameomba Dwarka, na ameomba Virpur kwa mtakatifu Jalaram Bapa kama mtu yeyote wa rika lake katika jamii yetu ya Walohana. Varanasi umeitaka wewe. Nenda mwaka mwingine na mkeo.

Nimeiona ile ratiba uliyotuma. Umepima kilomita kutoka mji hadi mji ukagawanya siku. Shida ni kwamba huko saa hupangwa na mandir, yaani hekalu. Dwarka milango hufunguliwa alfajiri, hufungwa mchana kama saa saba, na haifunguliwi tena hadi karibu saa kumi na moja jioni. Wewe umeandika mfike saa nane mchana, mpate darshani, yaani kumwona mungu hekaluni, muondoke jioni kwenda Somnath. Mtafika mkute milango imefungwa, Ba akae kwenye gari juani akisubiri, halafu muingie pamoja na umati wote wa jioni. Lala Dwarka angalau siku tatu. Darshani ya kwanza iwe ya alfajiri, wakati wa mangala arati, ibada ya taa ya kwanza ya siku, Ba akiwa hajachoka.

Kuna milango miwili. Ule wa kusini, Swarga Dwar, unateremka ngazi 56 hadi mto Gomti, na watu wengi hupenda kuoga mtoni kisha wapande kwa ngazi hizo. Kwa magoti ya Ba sahau. Mpitishe Moksha Dwar, upande wa kaskazini unakotokea sokoni. Mtoni mpeleke jioni, akae tu juu ya ghati, zile ngazi za ukingoni, aone watu wakiziachia taa zao zielee majini. Simu hazikubaliwi ndani, kwa hiyo mmoja wenu abaki nje na simu na viatu, kisha mpokezane. Ndivyo tulivyofanya mimi na baba yako, na hatukugombana hata na mtu mmoja pale kwenye makabati ya kuwekea simu.

Jambo ambalo nisingependa mlikose ni dhaja, bendera ya hekalu. Hubadilishwa mara kadhaa kila siku, na kila mara kuna familia iliyoitoa kama nadhiri, nyingine zikiwa zimeandikisha zamu yao mapema sana. Ni kitambaa cha gaji 52, yaani yadi 52, kimechorwa jua na mwezi. Utaisikia ngoma kabla hujaona kitu, kisha familia inatokea kwenye kichochoro, wanawake mbele wakicheza, na mmoja wao amebeba kikapu cha bendera kichwani huku machozi yanamtoka. Kule juu, Mabrahmin wa ukoo wa Aboti, ambao kazi hiyo ni yao, hupanda hadi kileleni kuishusha ya zamani na kuifunga mpya, na upepo wa bahari unaikunjua kwa mkupuo mmoja. Uwanja mzima hupiga kelele. Mtafutie Ba kivuli mahali anapoweza kuona juu, umwache hapo. Usimharakishe.

Siku ya pili ya Dwarka nendeni Bet Dwarka, kisiwa kinachosemwa kilikuwa makazi ya Krishna. Zamani mlipanda boti kutoka Okha, msongamano kama wa feri ya Likoni saa ya watu kutoka kazini, na kumteremsha mzee kwenye boti ile ilikuwa kazi ya vijana wawili. Tangu Februari 2024 kuna daraja, Sudarshan Setu, kama kilomita mbili na ushee, gari linavuka moja kwa moja. Njia hiyohiyo mtapita Nageshwar, mojawapo ya jyotirlinga 12, alama takatifu za mungu Shiva. Wakati wa kurudi simameni kwenye hekalu la Rukmini, nje kidogo ya mji. Ba atawasimulia kwa nini mke wa Krishna ana hekalu peke yake mbali na mumewe: yeye na Krishna walikuwa wakilikokota gari la mtawa mzee Durvasa, kiu ikamshika Rukmini, akanywa maji kabla ya kumkaribisha mgeni, akalaaniwa aishi mbali. Mpaka leo watu hutoa sadaka ya maji pale. Mimi laana ile huiona kali mno kwa kosa la kiu, lakini mbele ya Ba sisemi.

Kutoka Dwarka hadi Somnath ni zaidi ya kilomita 200 kando ya bahari. Msiende kwa mkupuo mmoja. Porbandar iko njiani, na mle chakula cha mchana hapo. Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu kando ya nyumba alimozaliwa Gandhi, ilijengwa kwa fedha za Nanji Kalidas Mehta, yuleyule wa kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda. Ba atafurahi zaidi kusikia habari za Lugazi kuliko za Gandhi, maana kaka yake alifanya kazi huko.

Somnath ni rahisi. Haifungwi mchana, arati ni asubuhi, saa sita na saa moja jioni. Hekalu lilibomolewa na kujengwa upya mara nyingi, Mahmud wa Ghazni akiwa mbomoaji anayetajwa zaidi, na hili la sasa jyotirlinga yake iliwekwa tarehe 11 Mei 1951, Rais Rajendra Prasad akiwepo. Siku mbili zinatosha. Msisahau Bhalka, mahali Krishna alipopigwa mshale na mwindaji.

Girnar ni mlima, kuna ngazi takriban 10,000. Wewe na mkeo mkitaka kupanda, anzeni usiku. Ba apande ropwe, vile vibanda vinavyovutwa kwa kamba ya chuma, ambayo tangu Oktoba 2020 inafika hadi hekalu la Ambaji, ashuke nayo. Upepo ukivuma sana huwa wanaisimamisha, kwa hiyo laleni Junagadh siku mbili ili mkikosa leo mpate kesho. Kutoka hapo Virpur si mbali, na Rajkot iko mbele yake kwa ndege ya kurudi Mumbai. Virpur hawapokei mchango wowote tangu mwaka 2000, na bado wanalisha kila anayeingia. Mwambie Ba mapema, asije akabishana na watu wa pale na bahasha yake mkononi kama ninavyomjua.

Nendeni Desemba mwanzoni au Januari, siku za katikati ya wiki. Diwali na wiki inayofuata ni fujo, na Agosti au mwanzoni mwa Septemba kuna Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, Dwarka hapapitiki, tena ni mvua. Kodi gari na dereva kwa safari nzima kuanzia Jamnagar, usibadilishe gari kila mji. Noti ndogondogo za rupia ziwe nyingi. Makuhani wa ghati watakuja kukusomea maombi. Patana bei kabla hajafungua mdomo. Na mkwe wako anayesema atakuja pia, mwambie Gujarat pombe ni marufuku kisheria, aamue mwenyewe.

Cheti cha homa ya manjano msikicheleweshe. Wahindi hawana mchezo na abiria kutoka Kenya, na chanjo inapaswa kuwa imepita siku 10 kabla ya kuingia. Kwa umri wa Ba chanjo hiyo ina hatari zake, kwa hiyo daktari amwone kwanza, na kama hafai kuchanjwa atoe barua, kisha uulize ubalozi kabla ya lolote kama wataikubali. Miadi yake ya magoti ni Jumanne, nitauliza yote kwa pamoja. Tiketi usilipe kabla sijakupigia.

Mama yako