Jibu: Straika wa miaka 17, asaini miaka minne?

Salamu ndugu. Kama nimekuelewa, mdogo wako ana miaka 17, klabu moja hapa Nairobi imemwekea kandarasi ya miaka minne, na kuna wakala anadai elfu themanini ampeleke Ulaya mwezi ujao.

Anza na hiyo miaka. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusaini zaidi ya mitatu. Na kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya 18 hakuruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wakihama kwa shughuli zisizo za mpira. Kwa hivyo huyo wakala anakuuzia hewa. Usitume hata shilingi.

Mimi si wakili, ila karatasi ya mpwa wangu niliishika mwenyewe. Penye marupurupu palikuwa pameandikwa kwa kalamu: "tutaongea". Hatukuongea. Alicheza miezi mitano akipewa nauli ya matatu tu, na goti lilipovimba tulichanga sisi nyumbani. Kwa hivyo dai mshahara, tarehe ya kulipwa na gharama za matibabu vichapwe, kisha nakala moja ibaki kwenu.

Halafu uliza atacheza dakika ngapi. Michael Olunga, straika wa Kenya, alipitia klabu ndogo ya Thika United kwanza. 2015 akafungia Gor Mahia mabao 19 ligini, na 2016 akaenda Djurgården ya Uswidi. Benchi la timu kubwa halimkuzi straika, hata jezi iwe tamu vipi.

Wakikataa kubadilisha hiyo minne, rudi hapa utuambie wamesemaje.